Bega Linalouma: Subira Haizuii Tiba



Hutokea katika misikiti yetu ya Mji Mkongwe, imamu akihirimia Swala, ukamwona mtu ameinua mkono mmoja tu. Ukimuuliza, hujibu: "Ni uzee, sheikh, tunasubiri." Mara nyingi ni hamali wa Malindi, mvuvi, au mtu aliyeanguka ngazini.

Bega huzungukwa na misuli minne, ambayo kano zake hukishika kichwa cha mfupa wa mkono mahali pake. Kano hizo huchakaa kwa umri na kazi, na huweza kuchanika kwa kuanguka. Dalili zake ni maumivu ya usiku na udhaifu wa kuinua mkono. Bega lililoganda halinyanyuki hata likinyanyuliwa na mwingine. Lililochanika kano, mara nyingi mwenzio hukunyanyulia, wewe mwenyewe huwezi. Eksirei huonesha mfupa. Kano huonekana kwa utrasaundi au kipimo cha MRI.

Kukandwa na hijama huenda kukapunguza maumivu, wala hatuvikatai, lakini haviungi kano iliyobanduka mfupani. Wengi hupata nafuu kwa mazoezi ya viungo bila ya kupasuliwa. Ila aliyeanguka, na tangu siku ile mkono haunyanyuki, asingoje. Kano iliyokatika hujivuta nyuma, msuli wake hukonda na kugeuka mafuta, na daktari akija kuishona tena mfupani, huenda isifike.

Basi aende Mnazi Mmoja mapema, apimwe. Ng'ambo, Dar es Salaam, ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996. Baada ya kushonwa, mkono hufungwa kifuani kiasi cha wiki nne hadi sita, na mizigo mizito huachwa kwa miezi kadhaa. Hamali asiyebeba hapati riziki ya siku. Hivyo jamaa na majirani wamsaidie, asirudi bandarini kano haijashika.

Asiogope kwa ibada yake. Kuinua mikono katika takbira ni sunna, na bega si kiungo cha udhu. Wala mama mkulima wa mwani asizuiwe kuchunguzwa kwa kukosekana daktari mwanamke. Sharia imeruhusu kwa dharura, mahramu wake akiwepo.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu. Tusubiri, nasi tumekwishafika kwa daktari.

Wabillahi tawfiq.