Boga la Kuoka kwa Kifungua Kinywa

Juba haina majira ya baridi. Maboga huja na mvua, zinyeshazo tangu Aprili hadi Oktoba. Mama wa Hai Amarat asiye na tanuri, ambaye mumewe hurudi kutoka lindoni alfajiri, hana haja ya kukata tamaa. Usiku alichemshe boga na kulichuja sana, kwani maji yakibaki chakula hakitaganda. Mayai na maziwa yangoje asubuhi. Joto la Juba huyaharibu upesi.

Kulipokucha, aponde vikombe 3 vya boga, atie mayai 3, kikombe cha maziwa, sukari, iliki na vipande vya mkate wa jana. Sufuria ipakwe samli na kufunikwa: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, yapata dakika 40, mpaka kisu kikichomwa katikati kitoke kikavu.