Picha za Likizo na Watoto Wetu

Bibi mmoja msomaji wa ukurasa huu ameniletea barua ndefu, na suali lake kwa ufupi ni hili: watoto wake wakiwa likizo hawaondoki mbele ya televisheni. Mchana kutwa ni picha za katuni, na usiku ni za mashujaa warukao angani. Je, azifunge zote, au aziachilie zote? Naona ameniuliza mimi kwa kudhani kwamba mwalimu wa chuoni hazijui picha hizo, na kwa hivyo jawabu lake litakuwa jepesi.

Sina budi kuungama kwanza kwamba nazijua. Utotoni mwangu nalikwenda senema kila nilipopata thumuni ya kulipia, khasa siku za Idi, na marehemu mama aliijua njia niliyopitia kwa vumbi la miguuni. Leo wajukuu wangu ndio wanionyeshao, nami nakaa nao mkekani hata mwisho wa picha. Basi nayaandika haya kama mtazamaji, wala si kama mufti.

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini picha hizi hutujia kwa wingi mwezi wa Juni na Julai. Kwetu huo ni wakati wa kipupwe, watu wanajifunika shuka. Lakini Marekani ndiyo majira yao ya joto, skuli zimefungwa, na watoto hawana kazi. Mwaka 1975, mwezi wa Juni, ilitolewa picha iitwayo Jaws, aliyoiongoza Steven Spielberg, nayo ikaonyeshwa katika majumba zaidi ya 400 kwa mara moja, baada ya kutangazwa mno katika televisheni. Ilileta fedha nyingi sana. Mwaka 1977 ikafuata Star Wars, na tangu hapo matajiri wa senema wameyafanya majira hayo kuwa msimu wao, kama vile sisi tulivyo na msimu wa karafuu.

Jaws ni khabari ya papa alaye watu. Mimi niliiangalia nikiwa mtu mzima, nikacheka kidogo, maana sisi watu wa pwani papa ndiye tumlaye kwa nazi. Walakini naisifu kwa jambo moja. Papa wao alikuwa wa mashine, na mashine ile kila ikitiwa katika maji ya chumvi iliharibika. Basi Spielberg ikambidi amfiche papa, aonyeshe maji tu na watu wanaoogelea. Khofu ikazidi kwa kutoonekana yule papa. Mwandishi wa kitabu kilichotolewa picha hiyo, Peter Benchley, baadaye alijuta kwamba watu wamewachukia papa kwa sababu yake, akatumia miaka mingi kuwatetea.

Ama picha za mashujaa za siku hizi, maoni yangu ni mafupi. Zanichosha. Katika Man of Steel ya mwaka 2013 maghorofa ya mji mzima yaporomoka, nami nikangoja nione jeneza moja, au mama mmoja anamwita mwanawe katika kifusi, nisione cha maana. Avengers: Endgame ya mwaka 2019 yachukua dakika 181, nayo imechuma zaidi ya dola bilioni 2.7. Wajukuu walilia mwishoni, kwa hivyo siwezi kusema haina kitu; lakini kijana akizoea kuona mji unavunjwa na hapana anayezika, sijui atauonaje mji wa kweli utakapovunjwa katika taarifa ya habari.

Katuni ni jambo jingine, na hapa ndipo nilipo na mengi. Wengi hudhani ni kazi ya Wamarekani tangu mwanzo. Sivyo. Picha ndefu ya katuni iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani ilitolewa Ujerumani mwaka 1926, na aliyeitengeneza ni mwanamke, Lotte Reiniger, kwa makasi na karatasi nyeusi. Alikata vivuli vya watu, farasi na majini, akawasogeza kidogo kidogo na kuwapiga picha moja moja, kazi ya miaka mitatu. Na kisa chake ni cha mtoto wa mfalme aitwaye Achmed, kilichotolewa katika Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho bibi zetu walitusimulia bila ya kukisoma. Watu wake hawana nyuso, ni vivuli tu, lakini huzuni na furaha zao zaonekana katika shingo na vidole. Mwenye kuipata naamwonyeshe mwanawe.

Hadithi hizo hizo zilipofika Marekani zikapata sura nyingine. Aladdin ya mwaka 1992 ina nyimbo nzuri na jini mchekeshaji, lakini wimbo wake wa kufungulia ulikuwa na maneno ya kuwatukana Waarabu kwamba ni watu wa kukatana masikio. Waarabu walioko Marekani walilalamika, na mwaka 1993 maneno hayo yakabadilishwa. Lililobakia halikubadilishwa: sikiliza, utaona wema wazungumza kwa lafudhi ya Kimarekani, na waovu na wauza soko ndio wenye lafudhi ya ugeni. Mtoto wa miaka sita hajui kulieleza jambo hilo, lakini sikio lake lalichukua.

Niipendayo zaidi katika zote ni Finding Nemo ya mwaka 2003, khabari ya samaki mdogo na baba yake, wa jamii ile ambayo wavuvi wetu huiona ndani ya matumbawe. Baba amepoteza mke na mayai yote isipokuwa moja, na kwa khofu yake amemkataza mtoto kila kitu, mpaka mtoto akaenda mbali kwa ukaidi, akanaswa. Bahari nzima aivuka kumtafuta. Nilipoiangalia mara ya kwanza mwanangu wa kwanza alikuwa ameondoka nyumbani kwa hasira, na zaidi ya hayo sisemi.

Sasa niifikie picha iliyonifanya niijibu barua hii badala ya kuiweka.

The Lion King ilitolewa Juni 1994. Wachoraji wake baadhi walikwenda Kenya, katika mbuga ya Hell's Gate, wakaitazama nchi kabla ya kuichora. Na majina wakayachukua katika lugha yetu: Simba, Rafiki, Sarabi, na ngiri aitwaye Pumbaa, ambaye watoto wetu wa Kiislamu wampenda kuliko wanyama wote, wala sijapata la kuwaambia. Maneno hakuna matata, ambayo hapa huyasikia zaidi kwa watalii, kampuni ya Disney iliyasajili Marekani mwaka 2003 yawe alama yake ya biashara, na mwaka 2018 watu wengi wakatia sahihi kulipinga jambo hilo. Mimi sikutia. Lugha haipungui kwa kuandikwa juu ya fulana ya mtu, ingawa adabu ilikuwa kuomba ruhusa.

Alhamisi moja ya likizo iliyopita, chuo kimefungwa, wajukuu wakaifungua picha hiyo. Pamoja nao alikuwako mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa miaka tisa, aliyefiwa na baba yake kwa ajali ya pikipiki. Wasioijua picha wafahamu kwamba ami yake Simba ndiye anayemuua mfalme kwa hila, katika mkanyagano wa nyumbu, kisha humwambia mtoto: baba yako amekufa kwa sababu yako, kimbia. Ilipofika hapo, mtoto yule akainuka akatoka nje. Nilidhani nyumbu wamemtisha. Nikamfuata, nikamkuta amekaa barazani anachuna rangi ya ukuta kwa ukucha.

Akaniuliza, "Maalim, yule mtoto alipata dhambi?"

Nikamjibu upesi, kama mtu ajuaye mwisho wa hadithi: "Hata kidogo. Ami yake ndiye aliyeua. Mbele huko atakiri mwenyewe, na wote watasikia."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na kama hapana ami?"

Sikulifahamu suali lile. Nikamwambia asifikiri mambo makubwa, yeye ni mwanamume, nikampa shilingi mia tano akanunue askrimu, nikaingia ndani kumalizia picha. Nalisema kweli mbele yenu, ndivyo nilivyofanya, nami nimefundisha watoto miaka zaidi ya ishirini.

Baada ya siku chache mjukuu wangu wa kike akachagua Inside Out, picha ya mwaka 2015 iliyoongozwa na Pete Docter. Ni khabari ya msichana wa miaka 11 ambaye wazee wake wamehama Minnesota kwenda San Francisco, na ndani ya kichwa chake wamo Furaha, Huzuni, Hasira, Khofu na Karaha, kila mmoja na umbo lake na rangi yake. Furaha ndiye bibi mkubwa, naye amempigia Huzuni mstari sakafuni asitoke humo. Iko sehemu ambapo kiumbe mmoja, rafiki wa kuwaziwa wa msichana huyo alipokuwa mdogo, amepoteza kitu chake akipendacho, amekaa chini. Furaha yamjia na vichekesho na michezo, na haondoki. Huzuni ndiye anayekaa karibu naye, amwambia tu kwamba wamekuchukulia kitu ulichokipenda. Kiumbe yule alia, kisha ajifuta, ainuka mwenyewe, waendelea na safari.

Nikaikumbuka ile mia tano.

Si kwamba hatukufundishwa jambo hili. Nabii Yaakub alilia kwa ajili ya mwanawe hata macho yakaingia weupe, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Nami nayasomesha hayo kila mwaka. Lakini nalikuwa nikiyasomesha kama khabari za Mitume, na mtoto amekaa safu ya pili.

Kesho yake nikamwita baada ya darasa, nikakaa naye, wala sikusema jambo. Alikawia sana. Mwisho akasimulia kwamba usiku ule wa ajali yeye ndiye aliyemwambia baba yake kwamba daftari limekwisha na kesho mwalimu wa skuli atamchapa. Baba alikuwa amekwisha kuvua viatu, akavivaa tena akatoka. Mwaka mzima na zaidi alikuwa nalo hilo kifuani, hapana aliyemwuliza, maana kila mtu alikuwa akimpa askrimu.

Hapo ndipo nilipoliona kosa la picha ile ya simba, ingawa ni nzuri na nyumbu wake, waliotengenezwa kwa kompyuta kwa muda wa zaidi ya miaka miwili, wastahili sifa. Simba amepewa mtu wa kulaumiwa. Mwovu akiri, apigwa, mvua yanyesha, na mtoto awa mfalme. Watoto wetu waliofiwa aghalabu hawana mwovu kama huyo. Wana barabara yenye giza na daftari. Ile ya mwaka 2019, iliyotengenezwa upya wanyama wawe kama wa kweli, ni mbaya zaidi katika hili, kwa kuwa simba wa kweli hana uso wa kuhuzunika, na mtoto atazamaye hata mwenziwe wa kulia naye hampati.

Lakini je, ningaliijua khabari ya daftari bila ya picha hiyo? Sidhani. Kwa hivyo siwezi kumwambia bibi aliyeniandikia azifunge zote. Wala siwezi kumwambia aziachilie, maana lau yule mtoto angaliiangalia peke yake chumbani, angalitoka barazani, angalirudi, na picha ingaliendelea.

Nilimpeleka kwa mama yake. Yule bibi alisikiliza, hakumkatiza. Kisha akasema, "Mwanangu, kununua daftari ni kazi ya baba. Angalikwenda hata kama hukumwambia ila asubuhi." Akaingia ndani akalitoa daftari lenyewe, aliloletewa pamoja na nguo za marehemu, akalificha asiliione mtoto. Mtoto akaliomba, akapewa.

Inside Out ya pili ilitolewa Juni 2024, ikapata zaidi ya dola bilioni 1.6, na ndani yake ameongezwa Wasiwasi. Nimeiangalia mara moja tu. Naona yafaa kwa watoto wa miaka 12 na kupanda, na wadogo watachoka katikati. Aladdin waangalie wakiwa na mtu wa kuwauliza kwa nini mwovu asema vile. Mashujaa warukao, kwangu mimi, moja kwa mwezi yatosha.

Basi, bibi, jibu langu kwako ni hili. Likizo hii chagua mbili, usichague zaidi. Keti mkekani tangu mwanzo mpaka mwisho, chakula kikiwa kimekwisha pikwa ili usiwe na sababu ya kuinuka. Mtoto akitoka nje, mfuate, wala usichukue fedha mkononi. Kisha uniandikie waliuliza nini.