Hazina ya Namirembe

Muhula uliopita chama chetu cha historia kilikwenda Namirembe, hapa Kampala, kucheza mchezo wa kutafuta hazina katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Paulo na makaburi yake. Tangu siku ile kuna mabishano mabwenini. Wengine wanasema ya kuwa ni aibu kuwachezea wafu, na mchezo huo ukomeshwe kabisa. Wengine wanacheka tu. Mimi nilikuwamo mchezoni, nami naomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili niseme nionavyo.

Kwanza niueleze mchezo wenyewe. Tuligawanywa makundi ya watu wanne wanne, kila kundi likapewa karatasi ya mafumbo, na fumbo moja likifumbuliwa humpeleka mtu kwenye la pili. La kwanza lilisema: "Moto wa mbinguni uliniangamiza, moto wa watu ukaniimarisha. Mimi nani?" Ndilo kanisa lenyewe, kwa maana lile lililotangulia liliteketea kwa radi mwaka 1910, na hili la matofali ya kuchoma likamalizika mwaka 1919. Fumbo jingine lilitupeleka kwa Daktari Albert Cook, aliyefika nchi hii mwaka 1897 akaanzisha hospitali ya Mengo, na kwa mkewe Katharine, aliyewafundisha wakunga. Nusu yetu tumezaliwa mikononi mwa wakunga, wala hatukuwa tumelisikia jina la mama huyo!

La mwisho lilikuwa hesabu. Askofu James Hannington aliuawa Busoga mwaka 1885, akazikwa Namirembe mwaka 1892. Alexander Mackay alikufa kusini ya ziwa mwaka 1890, mifupa yake ikaletwa hapa mwaka 1927. Kila mmoja alingoja miaka mingapi? 7 na 37, jumla 44. Basi tuhesabu hatua 44 kutoka mahali palipotajwa, na hazina tutaiona. Ilikuwa debe dogo la majani ya chai chini ya mti, na ndani yake kalamu nne na biskuti.

Katika kuzihesabu hatua hizo ndipo tulipokosa. Kundi jingine lilikuwa nyuma yetu, tukaanza kukimbia. Mwenzangu aliruka juu ya kaburi, nami nikaruka nyuma yake. Kumbe palikuwa na bibi kizee karibu, amepiga magoti, anapangusa jiwe kwa kitambaa. Hakutukemea. Alituuliza, "Wanangu, mnamtafuta nani?" Mwenzangu akajibu, "Hatumtafuti mtu, Jjajja. Tunatafuta hazina." Yule bibi akatutazama, kisha akarudia kazi yake. Biskuti zile sikuweza kuzila.

Sasa wanaotaka mchezo ukomeshwe hutumia habari hii kama ushahidi, na kosa silikatai. Lakini nawauliza: kabla ya siku ile, ni wangapi kati yetu waliopita Namirembe Jumapili hata Jumapili wakasoma jiwe moja? Mimi nimepita pale tangu utotoni, na makaburi yale yalikuwa kwangu kama ua tu. Mchezo ndio ulionisimamisha. Mbio na zipigwe marufuku. Mshindi awe yule aliyejibu vizuri, si aliyefika kwanza. Hilo ni jambo jepesi, lingeweza kuandikwa juu ya karatasi kwa mstari mmoja.

Neno langu kubwa ni jingine. Jibu la yule bibi lilinifuata hata nyumbani, nikaanza kusoma habari za Hannington. Nikaona ya kuwa mafumbo yetu yote yaliuliza habari za watu wenye mawe. Askofu hakufika Busoga peke yake. Aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, mwezi wa Julai 1885, na wapagazi kiasi cha 200. Wengi aliwaacha njiani pamoja na William Jones, mtu aliyekombolewa utumwani, ambaye Hannington mwenyewe alimpa ushemasi mwaka ule ule. Askofu akaendelea na watu 50 hivi. Alipouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliyeshauriwa kuwaogopa wageni waingiao kwa njia ya mashariki, wapagazi nao waliuawa, wakaokoka wachache mno. Jones aliwarudisha waliobaki mpaka Rabai mwaka 1886.

Wale wa Busoga wamelala wapi? Fumbo gani lingemfikisha mtu kwao? Lugha ya misafara ile ilikuwa Kiswahili hiki hiki tunachokisomea mtihani na kukinung'unikia kuwa ni cha wageni. Kilipita hapa kichwani mwa watu wenye mizigo, na baadhi yao hawakurudi.

Tena si wao tu wasio na jiwe pale. Mwezi wa Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa katika utawala wa Idi Amin, kaburi lilichimbwa Namirembe, lakini serikali haikuutoa mwili. Ulipelekwa kuzikwa kwao Mucwini. Watu walikuja hata hivyo, wakasimama kulizunguka shimo tupu wakaimba. Jambo hilo halikuwamo katika karatasi yetu, ingawa kwangu mimi lapita hesabu zote za miaka 7 na 37.

Kwa hiyo sikubaliani na wenye kukomesha, wala sikubaliani na karatasi ile kama ilivyokuwa. Chama cha historia kitakwenda tena muhula ujao. Nimepewa kazi ya kutunga fumbo la wapagazi wa Rabai, nimeandika manne na yote hayafai, kwa kuwa kila fumbo lahitaji mahali pa kumpeleka mtu, nami sina. Mwenye akili zaidi na aandike lake, alitie katika sanduku la gazeti hili kabla ya Ijumaa.