Bukavu: Kila sauti mbaya mkutanoni, lawama ni kwa rezo

Tangu M23 ilipochukua Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na safari zikawa ngumu. Mashirika ya raia, vyama vya akina mama, kamati za wazazi, wengi sasa wanakutanikia kwenye kompyuta, wengine wakiwa Bukavu, wengine Goma, wengine Kinshasa ama Ulaya. Na humo husikika maneno yaleyale: «Mama, hatukusikie muzuri, rezo iko mubaya, tuendelee na mwengine.»

Ni maneno ya adabu, lakini ni ya uvivu. Mama amekatwa, ripoti itaandikwa bila yeye, na mara nyingi rezo haina kosa lolote.

Rezo mbaya ina dalili zake: sauti hukatika katikati ya neno, huchelewa, au hugeuka kama ya roboti. Sauti inayofika nzima lakini ina mvumo, au iko mbali kana kwamba mtu anasemea ndani ya pipa, imeharibikia chumbani. Kupima ni dakika moja: intaneti izimwe, mtu arekodi sauti yake kwenye kompyuta ileile, asikilize. Ikiwa mbaya hata hapo, kampuni ya simu, kwa mara moja, inasingiziwa.

Tena sauti peke yake haili mega nyingi. Opus, njia ya kubana sauti iliyokubaliwa kuwa kanuni mwaka 2012 na inayotumika sana kwenye mazungumzo ya intaneti, hubeba maneno vizuri kwa kilobiti 24 kwa sekunde. Mtu akisema saa nzima hafikishi mega 25. Picha ndiyo inayokula. Anayelia rezo huku kamera inawaka anajidanganya.

Kosa lenyewe kwa kawaida ni dogo. Kaske ya simu, yenye pini moja, inachomekwa kwenye kompyuta ya zamani yenye matundu mawili, la kijani na la waridi. Masikioni mtu anasikia vizuri, basi anaamini yote iko sawa. Kumbe mikro ya kaske haifanyi kazi, na kompyuta, bila kusema kitu, inatumia mikro yake ya ndani, mara nyingi jirani na feni. Anasogeza waya mdomoni bure! Kiunganishi kidogo cha kugawa pini kuwa mbili kinatosha, na kisha kuchagua mikro sahihi kwenye mipangilio ya sauti.

Wenye kaske za Bluetooth wasicheke. Mikro ikifunguliwa, nyingi huacha njia ya muziki na kushuka kwenye njia ya simu, sampuli 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde. Ya waya, ya bei ndogo, inaweza kuishinda. Kuhusu mvumo, chaja ichomolewe kwanza. Ukinyamaza, chanzo ni umeme. Jenereta iliyo chini ya dirisha ni mtu kuhama chumba, kwa sababu programu za kufuta kelele humeza pia maneno ya mwenye sauti ndogo.

Haya yote yangepimwa robo saa kabla ya mkutano. Waandaaji wanasema hawana muda. Muda wa kupiga picha ya skrini, nyuso zote zikitabasamu kwa ajili ya mfadhili, hupatikana kila mara. Mjumbe aliyetumwa na kijiji kizima anayo haki ya kuomba dakika mbili abadilishe mikro kabla nafasi yake haijapewa mwingine. Na kama bado hasikiki, katibu aandike hivyo kwenye ripoti: alikuwepo, hakusikika, apigiwe simu kabla uamuzi haujatiwa sahihi.