Mwenzako Akisema Ameshiba, Mtazame Tena

Wapo wanaodhani kwamba kinachomshinda msafiri wa baiskeli ni mlima. Wengine watakwambia ni mvua, wengine pancha. Yote hayo yana dawa yake. Mlima hupandwa kwa miguu huku baiskeli ikisukumwa, mvua hungojewa kwenye baraza la duka, na pancha huzibwa kwa kiraka na gundi. Lisilo na dawa ni lile ambalo mwenzako amelifungia moyoni asikwambie.

Nayasema haya nikiikumbuka safari ya kutoka Kwanza hadi Bungoma ambayo mimi na rafiki yangu tuliifanya Agosti mwaka 1994, shule zikiwa zimefungwa. Kwa asiyezijua sehemu hizo, Kwanza iko Trans Nzoia, upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Kitale, katika mashamba ya mahindi yanayotazamana na Mlima Elgon. Ukitoka huko unapita Kitale, Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha unashika barabara kuu ya Malaba mpaka Bungoma. Ni kama kilomita 100.

Kwenye ramani safari hiyo ni mteremko mtupu. Kitale uko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma karibu mita 1,400. Lakini miguu haisomi ramani. Mito mingi inayoteremka kutoka Elgon kwenda kujiunga na mto Nzoia hukatiza njia hiyo, na kila mto una bonde lake. Bonde uliloliteremka ukipiga mbinja, utalipanda ukihema. Isitoshe, Agosti huko ni mwezi wa mvua. Asubuhi jua hucheka, alasiri wingu hushuka kutoka mlimani bila kubisha hodi.

Baiskeli zetu zilikuwa zile nyeusi, nzito, zenye keria pana ya chuma, ambazo zimelisha familia nyingi magharibi mwa Kenya. Ndizo zilizozaa bodaboda huko Busia miaka ya 1960, zikivusha watu na mizigo mpakani, kabla pikipiki hazijalirithi jina hilo. Kwa hivyo hatukuwa tukifanya ajabu. Wakati ule mtu kubeba gunia la mahindi kwa baiskeli na kwenda nalo kilomita 20 lilikuwa jambo la kawaida.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kitale tulisimama kwenye kibanda cha chai. Niliagiza chai ya maziwa na mandazi manne. Mwenzangu aliomba maji, akasema ameshiba, alikula ugali wa jana kabla ya kutoka nyumbani. Kiminini nilinunua ndizi mbivu. Alichukua moja, nyingine akakataa akisema tumbo limejaa. Kijana mzima akikwambia ameshiba, huwezi kumfungua kinywa kwa nguvu.

Mvua ilitukuta baada ya Kamukuywa, mwendo wa saa nane. Kila lori la mahindi lililopita lilitusukumia ukingoni mwa lami, na ukingoni kulikuwa na tope jekundu linalonata kama ulimbo. Tope hilo liliingia kati ya tairi na madigadi mpaka magurudumu yakakataa kuzunguka. Tukawa tunashuka, tunachokoa kwa kijiti, tunapanda, tunashuka tena.

Hapo ndipo nilipoona mambo yamebadilika. Rafiki yangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amenyamaza hata dakika tano, alikuwa kimya. Midomo ilimtetemeka. Baiskeli yake ilianza kwenda upogo kama ya mlevi, mara ukingoni, mara katikati ya barabara. Lori moja lilimpigia honi hata likampita kwa upana wa mkono. Hakushtuka wala hakugeuka. Nilimwita nikamuuliza tuko wapi. Alinitazama kwa muda, akaniambia tunakaribia kuingia Kitale.

Kitale tulikuwa tumeiacha nyuma saa nyingi.

Nilimshika usukani nikamvuta hadi kwenye nyumba iliyokuwa karibu na barabara. Mama mmoja mzee alitutazama mara moja tu, wala hakuuliza tumetoka wapi. Alimvua mwenzangu shati lililolowa, akamfunika blanketi, akamweka karibu na moto. Kisha akamletea uji wa wimbi wa moto na kipande cha sukari guru.

"Mjukuu wangu," alimwambia, "kunywa polepole. Wewe huna ugonjwa. Wewe una njaa."

Baada ya kikombe cha pili, macho yalirudi. Baada ya cha tatu, ukweli ukatoka. Jioni kabla ya safari, tairi lake la nyuma lilikuwa limepasuka, na kununua jingine kukala pesa zake zote. Ugali wa jana haukuwapo. "Sikutaka uwe unaninunulia chakula kila kituo kama mtoto," alisema, macho yake kwenye majivu. Kwa ajili ya bei ya mandazi manne alikuwa amekaribia kuingia chini ya magurudumu ya lori.

Yule mama hakuwa daktari, lakini alisema kweli. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli. Mtu anayekanyaga pedeli kwa saa nyingi bila kula huimaliza, na ubongo unaotegemea sukari hiyo huanza kupotea njia. Ongeza mvua ya baridi inayonyonya joto la mwili, na utapata mtu anayetetemeka, anayepepesuka na kujibu ovyo. Mtu wa namna hiyo asiachwe aendelee hata hatua moja. Mtoe kwenye baridi, mvue nguo zilizolowa, mpe kinywaji chenye sukari ikiwa anaweza kumeza. Akiwa hawezi kumeza, usimtilie kitu kinywani, mkimbize hospitali.

Tulilala hapo. Asubuhi, kabla ya kupanda baiskeli, tulitia pesa zote zilizokuwapo katika mfuko mmoja, naye ndiye aliyeubeba. Tulikubaliana pia kwamba yeye atangulie, ili mwendo uwe wake. Webuye tulipita tukiutazama moshi wa kile kiwanda cha karatasi, ambacho kilikuja kufungwa mwaka 2009, na kabla ya adhuhuri tulikuwa Bungoma. Siku hiyo hakuna aliyesema ameshiba. Tulikula kila kilichouzwa kando ya njia.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nami nadhani umaskini mdogo wa siku moja hufichwa zaidi hata ya maradhi. Msomaji, huhitaji kwenda Kwanza kuuona. Angalia chuoni, yule mwanafunzi ambaye kila saa ya chakula cha mchana ana kitabu cha kumalizia maktabani. Angalia mtoto wako anayekwambia kwamba safari ya shule haimpendezi, siku ileile aliyokusikia ukilalamikia kodi ya nyumba. Angalia jirani anayetembea kutoka kazini kila mwisho wa mwezi na kusema anafanya mazoezi. Hao wote wamekunywa maji kibandani huku wenzao wakila mandazi.

Kuwauliza "una njaa?" hakusaidii, kwa maana jibu wanalo tayari. Linalosaidia ni mpango unaomwondolea mtu haja ya kuomba. Wanaosafiri pamoja wachange kabla ya kuondoka, kila mtu kwa uwezo wake, na mfuko uwe mmoja. Chakula kinunuliwe cha wote, kiwekwe katikati. Nyumbani nako, mzazi awaeleze watoto hali ya fedha ilivyo, ili wasijitwike mzigo wa kukisia. Na yule aliyepungukiwa naye ajue kwamba aibu ya kusema "sina" huisha kabla chai haijapoa, lakini kuna aibu nyingine ambazo huwaachia wenzako jeneza la kubeba.