Subira Si Kunyamazia Hadaa

Mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani, ambaye leo yuko California, Marekani, pamoja na mkewe na watoto wake, ameniletea barua. Alinunua gari jipya la umeme. Haukutimia mwezi wa pili, gari likaanza kumzimikia njiani. Safari moja lilipoteza nguvu katikati ya barabara kuu, watoto wamo ndani, na malori yapita kulia na kushoto. Amelipeleka gereji ya waliomuuzia mara tatu. Kila mara hujibiwa maneno yale yale: "Tumelipima, hatukuona kitu."

Lakini lililonifanya nishike kalamu si gari hilo. Ni nasaha alizopewa na wenzetu walioko huko. Wa kwanza alimwambia: "Vumilia, hii ni kadari, Muislamu hashitakiani kwa ajili ya chuma." Wa pili akamwambia: "Ya nini kujisumbua? Wako wenzetu wanaofika kutoka nyumbani, hawajui magari. Lioshe, umuuzie mmoja wao." Kwa heshima zote za ndugu hawa, maneno yao sikubaliani nayo hata kidogo, na nitayajibu moja moja.

Ama huyo wa kwanza, amechanganya subira na uzembe. Subira ni ya msiba usio na wa kuulizwa. Mtu akifiwa husubiri. Lakini aliyeuziwa kitu kibovu kwa bei ya kizima, muuzaji yupo, na wa kuulizwa ni yeye. Vitabu vyetu vya fiqhi vina mlango wa hiari ya aibu: mnunuzi akigundua ila iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa, ana haki ya kukirejesha kitu na kurudishiwa mali yake. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, haki hiyo yataka haraka. Anayeijua ila, kisha akaendelea kukitumia kitu bila ya udhuru, haki yake imeanguka. Basi tazama ajabu hii: anayesema "vumilia" amwamrisha mwenzake aitupe haki aliyopewa na dini yake, kisha aiita hasara hiyo uchaji Mungu!

Huenda mtu akasema: "Huko si kwetu, na sheria ni ya serikali." Twajibu: sheria ya huko katika jambo hili yaelekea kule kule. Wamarekani gari lenye ubovu usiotengenezeka huliita "limau". California ina sheria ya dhamana tangu mwaka 1970, na mwaka 1982 ikaongezwa mizani ya kupimia. Ikiwa ndani ya miezi 18 au maili 18,000, lolote litakalotangulia, gari limetengenezwa mara 4 kwa ila moja. Au mara 2 ikiwa ila hiyo yaweza kuua au kujeruhi vibaya. Au limelala gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla, basi hakimu huanza kwa kukubali kuwa kiwanda kimekwisha pewa nafasi ya kutosha. Kiwanda kikishindwa, hutakiwa kumpa mtu gari jingine au kumrudishia fedha zake, na mwenye kuchagua fedha ni mnunuzi. Hukatwa matumizi ya kabla ya safari ya kwanza ya gereji: maili hizo hugawanywa kwa 120,000. Gari la dola 48,000 lililokwenda maili 6,000 hukatwa dola 2,400. Na mnunuzi akishinda, ujira wa wakili wake hulipwa na kiwanda.

Wala asidanganywe na neno "hatukuona kitu". Gari la umeme ila yake haina moshi wala kelele. Mwaka 2021 General Motors ilibidi iyaite magari yote ya Chevrolet Bolt kwa khofu ya betri kushika moto, na asili yake ni kijipande kilichochanika na utando uliokunjika ndani ya seli moja. Ni jicho gani la mnunuzi lingeyaona hayo? Kutoiona ila si dalili ya kutokuwapo.

Ama nasaha ya pili, hiyo si nasaha, ni wizi uliovaa kanzu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipitia rundo la nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umaji. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuwa hakuiweka ile nafaka mbichi juu, watu wakaiona. Basi na wewe, ubovu wa gari haukuutia wewe; lakini kuuficha ni kazi ya mkono wako.

Na huyo mgeni utakayemuuzia atapata wapi haki? Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya California ilihukumu kuwa gari lililotumika, hata likiwa na masazo ya dhamana ya kiwanda, haliingii katika haki ile ya kurudishiwa fedha inayohusu gari jipya. Yaani mlango uliofunguliwa kwako utakuwa umefungwa kwake, na wewe ndiye uliyemsukuma ndani. Kiwanda chenyewe kikililipia gari la namna hiyo na kulirudisha, sheria yakilazimisha kuandika jambo hilo katika hati ya gari, kubandika alama mlangoni, na kumweleza mnunuzi anayefuata. Wenye kiwanda waitangaza aibu ya gari lao, nawe uliyetoka katika safu ya sala waificha!

Basi mwanangu, fanya hivi. Usiondoke gereji bila ya karatasi yenye tarehe ya kuingia na kutoka, maili, na malalamiko yako kwa maneno yako. Kumbuka kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandikiana deni. Kiandikie kiwanda chenyewe, usitosheke na muuzaji. Kisha mwone wakili ajuaye mambo haya wala usichelewe. Sema kweli tupu. Usiongeze safari ambayo haikuwa, wala usidai kwa ila uliyoisababisha mwenyewe. Na watoto usiwapakie tena humo.

Nanyi mliomshauri, mkiulizwa tena jambo msilolijua, semeni hamjui. Hilo litawatosha nyinyi na litamsalimisha mwenzenu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.