Nyama za Babu Tumezibeba, Miguu Yake Tumeiacha

Kila nikigusia habari za presha pale kibandani tunapokula usiku, kuna chalii mmoja lazima adakie: "Acha hizo, bwana. Wamasai walikula nyama na maziwa tu, mbona hawakufa kwa moyo?" Watu wanacheka, sahani ya chipsi mayai inasogezwa, chumvi inamwagwa kabla hata ya kuonja, na mjadala umeishia hapo.

Hoja yake si ya kipuuzi, ila ameisoma nusu. Miaka ya 1960 daktari Mmarekani, George Mann, alikuja na wenzake hapa kwetu, enzi za Tanganyika, wakawapima wanaume wa Kimasai 400. Matokeo yalichapishwa mwaka 1964: watu wanaishi kwa maziwa na nyama, lakini dalili za ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu hazipo. Wapenzi wa nyama choma ya Kwa Mrombo huwa wanafunga kitabu hapo.

Mann hakufunga. Mwaka 1972 ukatoka uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye kuta za mishipa ya moyo, kiasi kile kile cha wazee wa Marekani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga, kwa hiyo damu iliendelea kupata njia. Watafiti walikisia kwamba kilichowakinga ni ukakamavu wa mwili. Ni makisio, sawa, lakini fikiria mtu anayefuata ng'ombe kutwa nzima tangu utotoni.

Sasa tujitazame. Bibi yangu wa Nkoaranga alikuwa akishuka kwa mguu hadi gulio la Tengeru na ndizi kichwani, jioni anaupanda mlima tena. Mimi mjukuu wake napanda boda kutoka hosteli hadi darasani, mwendo wa dakika 15. Haraka ya kweli huwa sina, nakiri.

Siandiki haya kama daktari. Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwa mtu wa kuumwa, na kitambi chake tulikiita kitambi cha heshima. Alipata kiharusi akiwa na miaka 49, na mara yake ya kwanza kupimwa presha ilikuwa siku hiyo, akiwa tayari amelala kitandani. Leo anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na watoto wa darasa la tatu wanamsubiri kwa uvumilivu ambao mimi sikuwa nao nikiwa na umri wao. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kama wanayo. Baba alikuwa mmoja wao, na hiyo presha haikuanza siku ile alipoanguka.

Na sisi wa ualimu tusijitoe. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, kipindi cha michezo kilikuwepo kwenye ratiba, lakini kila wiki kilimezwa na hisabati. Mimi mwenyewe nilikimeza mara mbili, na mkuu wa shule akanipongeza kwa bidii.

Ushauri wa shirika hilo ni walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Nimepiga hesabu ya boda yangu: dakika 15 kwenda, 15 kurudi, siku tano. Ni 150 kamili, bila kulipia gym, na nauli inabaki mfukoni. Lazima utembee haraka haraka lakini, siyo ule mwendo wa kuchati.

Jumatatu nilikwenda zahanati kupima. Mashine ikasoma 132 kwa 84. Nesi akaniuliza umri mara mbili, halafu akaniambia nirudi wiki ijayo tupime tena. Nitarudi, kwa miguu, pamoja na yule chalii wa kibandani. Ameshakubali, kwa sharti kwamba chai nanunua mimi.